Sisi Nasi Tufanye Nini?

Wapendwa katika Bwana, Yesu asifiwe. Somo la juma hili ni Luka 3:7-14. Nawaomba mlisome kwanza nyumbani, kwa sauti, watoto wakisikia, kabla ya kuendelea na maneno yangu.

Yohana Mbatizaji anahubiri kando ya mto Yordani, na anaanza kwa ukali. Anawaita watu wazao wa nyoka, anawaambia shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti. Mahubiri ya namna hiyo tunayafahamu. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kutoka mtaa wa Birere mpaka wa Ndosho, hatukosi wahubiri wenye sauti. Lakini angalieni kilichofuata. Wale watu hawakuitikia amina wakarudi makwao. Waliuliza. Makutano wakauliza, watoza ushuru wakauliza, mwishoni askari nao wakauliza: "Sisi nasi tufanye nini?" Swali ni moja, limeulizwa mara tatu, na Yohana ametoa majibu matatu yasiyofanana.

Juma zima moyo wangu umekaa hapo. Yohana angeweza kumwambia mtoza ushuru afunge na kuomba. Angeweza kumwambia askari alete sadaka ya shukrani. Ni mambo mema, nami nayafundisha kila mara. Ila siku ile kila mtu alijibiwa kuhusu kazi yake ya kila siku. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Mtoza ushuru: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari: "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mishahara yenu."

Wala hakumwambia yeyote aache kazi. Ushuru ulikuwa kazi ya aibu kwa Wayahudi, kwa sababu mtoza ushuru aliishi kwa ile ziada aliyoiongeza juu ya kiwango kilichowekwa. Yohana aligusa ziada hiyo hiyo. Mtu yule alitakiwa kurudi kwenye meza ile ile asubuhi inayofuata, mbele ya wenzake wanaomjua, na kufanya kazi ile ile kwa mikono safi. Kwangu mimi, hilo ni gumu kuliko kuacha kazi. Anayeacha anaondoka na heshima yake. Anayebaki atachekwa, ataitwa mjinga, na jioni mfuko wake utakuwa mwepesi.

Mama mmoja wa kanisa letu, muuza maharagwe, alinisubiri baada ya ibada. Akafungua kikapu, akatoa murongo, lile kopo la bati la kupimia sokoni. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Ukimimina maharagwe, unaona kopo limejaa mpaka linafanya kilima, kumbe huko chini tumbo la bati limekula nafasi. Mteja analipia murongo mzima na anaondoka na pungufu. Akaniambia: "Pasta, meza zote za jirani zinapimia hivi. Nikitumia ulionyooka kwa bei yao, gunia linaniachia hasara. Nikipandisha bei, mteja anahamia kwa mwenzangu. Na shule wanadai minerval, ada ya watoto. Sasa nifanye nini?"

Lilikuwa swali la Yordani kabisa. Mstari wa kumjibu ulikuwepo, Mithali 11:1: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Yeye alikuwa anaujua, ndiyo maana alikuja. Kwa hiyo tuliketi kwenye benchi tukahesabu. Bei ya gunia. Pesa ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka lori linaposhushia mpaka sokoni. Ushuru wa meza. Gunia linatoa mirongo mingapi kwa kopo lililogongwa, na mingapi kwa kopo lililonyooka. Tofauti ilikuwa kubwa, hakuna haja ya kuificha. Mwenzetu yule alikuwa anapigana na njaa halisi, hakuwa mtu wa tamaa.

Tukamwita mama shemasi mmoja ambaye ameuza unga miaka mingi. Yeye ndiye aliyeona mlango: wamama wa likirimba yao, kikundi chao cha kuchangiana pesa, waache kununua kila mmoja gunia lake kwa mtu wa katikati. Waweke pesa pamoja, wachukue mzigo moja kwa moja kwa wanaoleta kutoka wilaya ya Rutshuru. Wakafanya hivyo. Wote wakanunua mirongo mipya, na mteja akitaka anaruhusiwa kuingiza mkono ndani aguse kitako. Wateja wengine waliwaacha, wengine walirudi. Faida yao mpaka leo ni ndogo kuliko ile ya zamani. Nalisema wazi kwa sababu tumezoesha watu wetu shuhuda zinazoishia na nyumba mpya au gari, mpaka mtu mwaminifu ambaye bado ni maskini anadhani Mungu hakumsikia. Mungu amemsikia. Mteja wake naye, mama wa mtaa wa Majengo mwenye watoto wengi, anakula maharagwe kamili aliyoyalipia.

Sasa chukueni neno lile la Yohana, msitoze kitu zaidi, mtembee nalo mjini. Tangu benki zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, pesa taslimu imekuwa ya kutafutwa. Mwalimu anapokea mshahara kwenye simu, anafika kwenye kibanda cha kutolea pesa ya simu, anakatwa asilimia juu ya asilimia ili aguse noti zake mwenyewe. Najua mwenye kibanda naye anatafuta noti kwa shida, anavuka mpaka, anaweka mtaji wake hatarini. Malipo ya jasho lake ni haki. Lakini kuna mahali malipo yanapoishia na unyang'anyi unapoanza, na mwenye kibanda anapajua mahali hapo, hasa anapoona mbele yake ni mama mwenye mtoto mgonjwa asiyeweza kungoja mpaka kesho. Kama wewe ndiye mwenye kibanda, na Jumapili unaimba kwenye kwaya, Yohana anazungumza nawe.

Mji wetu una mtu aliyejibu swali hili kwa uhai wake. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akafanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Mwaka 2007 ulifika mzigo wa mchele ulioharibika, na wenye mzigo wakataka kumpa pesa ili uingie sokoni. Akakataa. Mwezi wa Julai mwaka huo alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana kule Kinshasa mwezi wa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri, huko Roma. Sisi Waprotestanti hatuna utaratibu huo, na kuna wapendwa watakaoniuliza kwa nini namleta katika tafakari yetu. Namleta kwa sababu alikuwa mtoto wa mji huu, na kwa sababu sehemu yake ya ushuhuda ilikuwa mezani, kati ya karatasi za ukaguzi na magunia. Hakuuawa akiwa madhabahuni. Mchele ule ungeliwa na nani? Matajiri wasingeununua. Ungeishia kwenye sufuria za wale wanaonunua cha bei ya chini kabisa, na watoto wao ndio wangeanza kuharisha.

Nabii Amosi alikwisha kuona jambo hili karne ya 8 kabla ya Kristo. Katika sura ya 8 anawaonyesha wafanyabiashara walioketi ndani ya sikukuu ya Mungu huku wakiuliza lini mwezi mpya utaisha, lini sabato itapita, wapate kufungua ghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, wauze hata takataka za ngano. Waliitunza sabato. Hawakufungua duka siku ya Bwana, miili yao ilikuwa ibadani. Na Mungu anaapa kwamba hatasahau hata moja ya matendo yao. Mimi mchungaji nikisoma hapo naogopa, maana najua jinsi tunavyohesabu mahudhurio: mtu amekuja, ameimba, ametoa, tunasema amesimama vizuri.

Wapo watakaosema: Pasta, askari na mfanyakazi wa serikali waliambiwa watosheke na mishahara yao, na asiye na mshahara je? Swali hili ni la haki, na sitaki kulikwepa. Huwezi kumsomea mstari wa 14 mtu ambaye miezi imepita bila kulipwa kisha ukafunga Biblia. Endeleeni mpaka mstari wa 19 na 20. Yohana huyo huyo alimkemea Herode mtawala kwa sababu ya Herodia na kwa maovu yote aliyoyafanya, na Herode akamfunga gerezani. Neno lake kwa wadogo lilikwenda pamoja na neno lake kwa mkubwa. Kanisa linalomkemea muuza maharagwe kwa kopo lake, halafu linampa mkubwa kiti cha mbele bila neno lolote, limekata somo katikati. Anayezuia mshahara wa watu anawasukuma kwenye dhambi, na damu ya jambo hilo iko mikononi mwake pia. Hata hivyo, deni lake kwako halikupi ruhusa ya kulidai kwa mpita njia mwenye bidoni, yaani dumu, la mafuta.

Jambo jingine kuhusu wale askari. Luka hasemi kama walikuwa wa Herode au wa Rumi. Wanaokaa mji huu wanaelewa kwa nini nimeliona hilo. Yohana hakuanza kwa kuwauliza ni wa upande gani. Aliwaambia msimdhulumu mtu, msimsingizie mtu, na neno hilo linamfaa kila aliyeshika bunduki juu ya watu wasio na bunduki, leo na kesho, yeyote atakayekuja.

Tuje kanisani kwetu, maana hukumu huanza nyumbani mwa Mungu. Tunapenda kuuliza umetoa kiasi gani. Ni mara chache tunauliza umekipataje. Mtu akileta bahasha nene kwa ajili ya mabati ya paa, tunamsimamisha, tunampigia makofi, na Yakobo sura ya 2, inayotukataza kumpendelea tajiri, tunaiweka kando. Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru, hakuanza kwa kumjengea Yesu sinagogi. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa aliyemnyang'anya, mara nne. Pesa ilirudi kwa wenyewe. Kuna sadaka ambazo Mungu angependa zisipite kwanza mlangoni petu, zipelekwe Mugunga au Kibumba, kwa mtu yule aliyepunjwa, mkononi mwake. Mkinijia na toleo la namna hiyo nitawaambia mlipeleke huko, hata kama paa linavuja.

Na sisi kama kanisa ni waajiri. Tuna mlinzi wa usiku, tuna mama anayefagia, tuna kijana wa kinanda. Kuwaambia "Mungu atakulipa" mwisho wa mwezi ni kumtwika Mungu deni letu. Baraza la wazee limekubaliana mishahara hiyo itoke kwanza, kabla ya gharama za semina na wageni, na hesabu zisomwe mbele ya washirika kila robo ya mwaka. Kila mshirika ana haki ya kuuliza swali siku hiyo bila kuitwa muasi.

Mlio kwenye kamati ya msaada, nawaombea zaidi ninyi. Orodha ya majina ni kitu kizito. Familia zilizokimbia vita zimerudi vijijini, nyingine zimekuta shamba limekuwa pori, nyingine zimehama tena na zinalala kwa ndugu, watu kumi na zaidi chumba kimoja. Unapoandika jina la shemeji yako anayekula mara mbili kwa siku, huliandiki kwenye karatasi tupu. Kuna jina linalotoka ili lake liingie, kwa kawaida la mjane asiye na mtu wa kumsemea, au la mzee asiyejua Kiswahili vizuri ambaye haulizi mara ya pili. Shinikizo mnalolipata najua ni kubwa. Wakwe wanapiga simu, wenye vyeo wanatuma watu. Wakiwasumbua, waleteni kwangu.

Jumatano, baada ya maombi ya saa kumi, kamati ibaki. Tutaisoma orodha yote kwa sauti, jina kwa jina, wajumbe wa kila mtaa wakiwepo, na anayemjua mtu aliyeachwa atasema hapo hapo. Majina ya jamaa zangu, kama yamo, yasomwe ya kwanza. Njooni na kalamu.