Bango la neno moja

Bango lilikuwa kipande cha boksi la ndizi. Nililiandikia sakafuni, nyumbani kwa kina rafiki yangu Saint-Denis, kaskazini mwa Paris, usiku wa kuamkia Jumanne ya Machi 28, 2006. Kalamu ya wino ilikauka nilipofika herufi ya nne. Mama yake akanitolea kopo la kiwi ya viatu, nikazimalizia mbili zilizobaki kwa kidole nilichokivirigia kitambaa. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: SABABU.

Rafiki yangu ndiye aliyetaka niandike kwa Kiswahili. Yeye kazaliwa palepale Saint-Denis, wazazi wake wametoka Mali, na tulikuwa tukisoma pamoja. Ya Kifaransa yatakuwepo maelfu, alisema, wewe leta la kwenu. Nilikuwa na miaka 23, nina miezi 6 tu Ufaransa, na kibali changu cha ukaazi nilikitunza kama mboni ya jicho. Wiki nzima nilikuwa nikijiuliza mgeni kama mimi anatafuta nini kwenye maandamano ya watu. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa meza na viti vilivyorundikwa milangoni, na Sorbonne, chuo kikuu cha zamani katikati ya Paris, baada ya polisi kuwatoa wanafunzi usiku wa Machi 10 kuamkia 11, ilikuwa imezungushiwa vizuizi vya chuma. Ningeweza kukaa chumbani nikasoma. Nilikwenda kwa ajili ya baba.

Kwa wasiokumbuka, Januari mwaka ule Waziri Mkuu Dominique de Villepin alitangaza mkataba mpya wa kazi kwa vijana, Contrat première embauche, mkataba wa ajira ya kwanza. Watu waliuita CPE. Kijana wa chini ya miaka 26 akiajiriwa na kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 20, kwa miaka 2 ya mwanzo mwajiri angeweza kumwachisha kazi bila kumwambia kwa nini. Notisi ingekuwepo. Malipo kidogo ya kuondokea yangekuwepo. Kilichoondolewa ni maelezo. Tena Februari, kwa mara ya kwanza ilipofika Bungeni, sheria ilipita bila kupigiwa kura, kwa ibara ya 49 aya ya 3 ya Katiba yao, inayomruhusu Waziri Mkuu kuipitisha iwapo wabunge hawamwangushi yeye mwenyewe.

Serikali ilikuwa na hoja, na sikuiona ya kupuuza. Karibu asilimia 23 ya vijana waliokuwa kwenye soko la ajira hawakuwa na kazi. Waajiri, ilisemwa, wanaogopa kuajiri kwa sababu kumwachisha mtu ni shughuli; dunia imekuwa soko moja, viwanda vinahamia kwenye ujira mdogo, basi sheria za kazi nazo zilegezwe. Maneno hayo hayakuwa mapya masikioni mwangu. Nilikuwa nimeyasikia Tanga tangu shuleni, yakiitwa utandawazi na ubinafsishaji, na kila yalipopita palikuwa na baba wa mtu aliyerudi nyumbani saa 2 asubuhi na kikapu chake cha chakula hakijafunguliwa.

Wangu alikuwa kuli bandarini. Enzi zile pale Tanga meli kubwa zilitia nanga nje, na shehena ilipelekwa na kuletwa kwa matishari. Kazi ya baba ilikuwa robota za mkonge: kubeba, kupanga, kuteremsha. Miaka 11 alikuwa kibarua wa kampuni moja ya kupakia na kupakua. Mkonge wenyewe ulikuwa unakufa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama 20,000, kamba za plastiki zikiwa zimeshatwaa soko. Kila alfajiri walisimama getini, nyapara akasoma majina. Asubuhi moja ya mwaka 1997 jina la baba halikusomwa. Akadhani limerukwa. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka wiki ikaisha. Siku ya saba nyapara akamwambia, “Mzee, usijisumbue.” Hakuongeza neno.

Nyumbani tukaanza kutafuta sababu, kila mtu na yake. Mama aliamini ni ile siku baba alipochelewa kwa kumpeleka yeye hospitali na malaria. Baba mdogo alisema ni kujuana, kuna kijana wa mtu ameingizwa. Mimi, nikiwa na miaka 14, nilijua kabisa moyoni kwamba ni mimi: baba alikuwa ameomba kukopeshwa posho ya wiki mbili ili anilipie ada. Nilibeba hilo mpaka nikamaliza kidato cha sita. Baba mwenyewe hakusema anadhani nini. Alianza kuuza mkaa, na hakupita tena barabara ya bandarini. Akienda sokoni alizunguka.

Kwa hiyo niliposikia kwenye redio mtu akieleza kwa utulivu kwamba mwajiri hatalazimika kutoa sababu, nilisimama jikoni na sufuria mkononi.

Asubuhi ya 28 metro zilikuwa chache kwa mgomo, tukangoja, tukabanana, tukashuka, tukatembea. Kaka wa rafiki yangu hatukumwamsha. Alikuwa na miaka 19, ana cheti cha ufundi umeme, na jana yake usiku alikuwa ametukoromea mezani. Hiyo sheria, alisema, imo ndani ya sheria kubwa ya “usawa wa fursa”, na wanasema wameitunga kwa ajili yetu, sisi wa vitongoji, baada ya zile wiki tatu za moto za mwaka jana. Zyed Benna na Bouna Traoré walikufa Oktoba 27 kule Clichy-sous-Bois, wakijificha kwenye kituo cha umeme kwa kuwakimbia polisi, mmoja ana miaka 17, mwingine 15, na jibu la serikali ni mkataba? “Nyinyi mnalia na miaka 2,” alituambia. “Mimi sijawahi kupewa hata wiki 2.” Alikuwa ametuma barua za maombi nyingi kuliko alizoweza kuhesabu, na nyingi hazikujibiwa, hata kwa neno la hapana. Dada yake alimjibu kwa hasira. Mimi nilinyamaza. Niliona wote wawili wana haki, na sikujua jinsi ya kulisema hilo kwa Kifaransa changu cha wakati ule.

Place d'Italie, uwanja maandamano yalipoanzia, sijawahi kuona watu kama wale, si kabla wala baada. Vyama vya wafanyakazi vilikuja na maputo makubwa mekundu na ya machungwa, na magari yenye vipaza sauti. Kando ya njia walichoma soseji, moshi ukanukia kama mishikaki ya jioni kwetu. Kulikuwa na wanafunzi wa sekondari waliojichora herufi za CPE mashavuni wakazikata kwa mstari, mabibi wenye mikongojo, baba na binti yake mabegani. Jioni polisi walisema Paris walikuwa watu 92,000, vyama vikasema 700,000. Kwa nchi nzima, milioni 1 dhidi ya milioni 3. Mimi niliyekuwa ndani siwezi kusema nani alikosea. Ninachojua ni kwamba tulisimama karibu saa mbili kabla ya miguu yetu kupata nafasi ya hatua ya kwanza.

Hapo katika kusimama ndipo mzee mmoja aliponigusa bega. Alikuwa na stika ya chama chake kwenye koti na masharubu ya kijivu. Akaonyesha bango, akauliza linasomwaje na maana yake nini. Nikamwambia: motif. Sababu ya kumwachisha mtu kazi.

Alilitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ninajua neno hilo waliingia nalo lini kwenye sheria ya Ufaransa. Sikujua. “Mwaka 1973,” akasema. Kabla ya hapo, bosi aliyekuchoka alikupa notisi yako akakuonyesha mlango, na kama uliona umeonewa ilikuwa juu yako kuthibitisha. Sheria ya Julai 1973 ndiyo iliyosema lazima iwepo sababu ya kweli na nzito. Alikuwa kijana kiwandani wakati huo. Anakumbuka msimamizi wake alivyokuwa akiandika barua ya kwanza ya namna hiyo, jasho likimtoka, kwa sababu alitakiwa kuandika kitu ambacho mtu mwingine angekisoma. “Unaona, binti,” akaniambia, “si kwamba hawakufukuza tena. Walifukuza. Ila walilazimika kufikiri kwanza.”

Nimesoma mengi kuhusu mageuzi ya sheria za kazi tangu siku ile, ya Ufaransa na ya kwetu. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 nayo inamdai mwajiri sababu halali, ingawa aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana kinga hiyo, na kibarua wa kuitwa getini kila alfajiri nani atamhesabia hiyo miezi? Bado sijakutana na maelezo yanayomshinda yule mzee.

Tulifika Place de la République jioni. Mbele kulikuwa na vurugu. Siku tano nyuma, kwenye uwanja wa Invalides, vijana walikuwa wameingia kwenye maandamano wakawapiga wanafunzi na kuwanyang'anya simu, na siku hii wote walikuwa na wasiwasi huo. Kila kijana mweusi aliyevaa kofia ya jaketi alitazamwa mara mbili. Mabomu ya machozi yakaanza kulia. Tulikata kwenye kichochoro cha pembeni, macho yanachuruzika, rafiki yangu kanishika mkono.

Na pale, kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, tukamkuta kaka yake.

Alikuwa amekuja. Hatukuwa tumemwambia njia. Alitufuata peke yake, akatembea kandokando ya watu mwendo mzima bila kuingia, mikono mfukoni. Kabla hatujamfikia askari watatu walimfikia. Karatasi zako. Akazitoa. Fungua jaketi. Akafungua. Wanafunzi wa Kizungu walipita hapohapo wakikimbia, wengine na mitandio imefunika nyuso, wala hakuna aliyeulizwa kitu. Kaka akauliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwa nini mimi. Askari aliyeshika kitambulisho chake hakuinua macho.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwao, na bango langu bado limeinuliwa. Kwa woga nilikuwa nimesahau kuliteremsha. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikifikiria kibali changu cha ukaazi, nikifikiria kwamba nikikunja boksi hili sasa nitaonekana ninaficha kitu. Sikulikunja. Sitaki kusema ulikuwa ushujaa, kwa sababu haukuwa. Lakini kaka alilitazama, akalisoma kimoyomoyo, maana usiku ule mezani nilikuwa nimemweleza maana yake. Wakamrudishia kitambulisho wakaondoka. Tulirudi Saint-Denis kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na alilibeba yeye.

Siku tatu baadaye Rais Jacques Chirac alitokea kwenye televisheni. Akasema ataisaini sheria, lakini akataka mikataba hiyo isifungwe mpaka irekebishwe. Sebuleni kwa kina rafiki yangu tulitazamana. Mama yake alituomba tumfasirie mara mbili, akidhani Kifaransa ndicho kilichomshinda. Watu wakarudi barabarani Aprili 4. Aprili 10 Villepin akatangaza kwamba CPE inaondolewa na kuwekwa kitu kingine mahali pake.

Jioni ile nilinunua kadi ya simu nikampigia baba.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mama. Habari za huko? Tumesikia redioni mambo yenu.”

Nikamsimulia. Sikuwa nimemwambia kwamba nilikwenda. Nilitarajia anigombeze kwa kuhatarisha masomo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: kwa hiyo tajiri akitaka kumwachisha kijana kazi, lazima amwambie kwa nini?

“Lazima, baba. Tena kwa barua.”

“Kwa barua,” akarudia.

Akanyamaza kidogo. Nilisikia redio ya jirani nyuma yake, na mtu akipita anauza kahawa, vile vikombe vinavyogonganishwa.

“Mimi siku zote nadhani ni lile koti,” akasema.

“Koti gani, baba?”

“La mvua. Ule mwaka mvua zilikuwa nyingi. Nilimwomba nyapara tupatiwe makoti ya mvua, sisi wa kwenye matishari. Wiki ileile.” Akakohoa. “Na nilimwomba kwa adabu, mama.”