Kaolini ya Pugu mbele ya kigunduzi cha pikseli

Unga wa fuwele unapopigwa na eksirei hutawanya mialo katika koni, na koni hizo zikikutana na kigunduzi bapa huchora pete, zile ambazo Debye na Scherrer walianza kuzinasa kwenye filamu mwaka 1916. Difraktomita ya kawaida ya maabara, yaani mashine ya kupima mtawanyiko huo, hupima ukanda mwembamba tu wa kila pete, kisha hutupatia mchoro wa vilele ambao tumezoea kuuamini kupita kiasi. Kigunduzi cha pikseli hunasa pete yenyewe kama picha.

Chukueni kaolini, udongo mweupe wa mfinyanzi, ya Pugu, jirani yetu hapa Dar es Salaam, ambayo hutoka katika miamba ya mchanga na hivyo huandamana na kwatsi, madini ya mchanga. Vibamba vya kaolini hupenda kulala upande mmoja sampuli inapobanwa, kwa hiyo pete yake ya kwanza, iliyo karibu na pembe ya nyuzi 12.4 kwa mialo ya shaba (eksirei zinazotolewa na shaba), huwa nzito mahali fulani na hafifu pengine. Pete za kwatsi isiyosagwa vizuri nazo hukatika kuwa madoadoa. Katika mchoro wa vilele kasoro zote mbili hujificha kama urefu wa kilele, na anayekokotoa asilimia za madini hupata jibu la uongo lenye desimali nzuri. Kwangu mimi, kuiona pete ni faida kubwa kuliko kasi ambayo wauzaji wa vigunduzi vya pikseli huitanguliza.

Kigunduzi cha aina ya Pilatus kina pikseli za mikrometa 172 na huhesabu fotoni, yaani chembe za mialo, mojamoja. Kikiwekwa milimita 200 kutoka kwenye sampuli, pikseli moja hufunika takriban nyuzi 0.05, kiasi kinachotosha kutambua madini ingawa hakitoshi kutenganisha vilele vilivyosongamana. Udongo wetu mwekundu huleta tatizo jingine, kwani chuma kilichomo hufyonza mialo ya shaba ya kiloelektronivolti 8.04 na kutoa ya kwake ya 6.4. Mialo hiyo ya chuma huitia picha ukungu. Kizingiti cha nishati, ambacho fotoni zilizo chini yake hazihesabiwi, kikiwekwa katikati, sehemu kubwa ya ukungu huo huondoka, japo baadhi ya fotoni za shaba zinazoangukia mpakani mwa pikseli, ambako nishati yake hugawanyika, nazo hupotea.

Programu hujumlisha pete nzima kuwa mchoro mmoja, baada ya umbali na kitovu kusahihishwa kwa unga wa rejea, ambao pete zake zinajulikana tayari, kama heksaboridi ya lanthani. Jumla hiyo ikishafanyika, madoadoa hayaonekani tena, na ndiyo maana maabara inapaswa kuhifadhi picha ghafi pamoja na mchoro na kumpa mteja vyote viwili.