Nani alikuchomea kijiji?

Leo Alhamisi na neno la Mama bado halijanitoka. Nimelisikia tena kwenye daladala, nimelisikia studio katikati ya kurekodi mpaka mwenzangu akanigusa bega kunionyesha kwamba zamu yangu imepita, na usiku wa kuamkia jana nimeshtuka saa tisa nikalikuta limenikalia kifuani. Maneno matano, aliyoyasema mtu anayechambua mchele.

Harusi ya binti wa shangazi ilifana, Jumapili tukarudi Dar salama, na mkataba wangu umesainiwa kwa mwaka mwingine. Hayo nitayaandika nikitulia.

Ilikuwa Ijumaa usiku, nyumbani Tanga. Wageni wa harusi wamelala mpaka mlangoni, mikeka imegusana, watoto wamelaliana kama samaki kwenye tenga. Tuliobaki macho ni mimi na Mama ukumbini. Yeye ungo mapajani, anatoa mawe na chuya kwenye mchele wa pilau ya kesho. Mimi kompyuta juu ya kigoda. Studio ninakofanya kazi wamemtaka kila mwandishi achague filamu moja iliyotokana na hadithi ya kuandikwa, aeleze wenye filamu waliongeza nini na waliacha nini, kabla hatujaanza kazi ya kugeuza riwaya kuwa tamthilia. Nilichagua Conan, ile ya mwaka 1982 aliyocheza Arnold Schwarzenegger, kuhusu shujaa wa kubuni wa hadithi za Mmarekani Robert E. Howard. Mliokuwa nami hapa tangu mwanzo mnajua kwa nini. Ni filamu ya Kaka. Ni kibanda cha video cha Ngamiani, benchi la mbao lisilo na egemeo, mimi na miaka tisa, Kaka akininong'onezea Kiswahili cha kubuni sikioni maana Kiingereza hatukukijua sote wawili.

Nilidhani Mama hatazami.

Ikafika pale wapanda farasi wanapovamia kijiji kwenye theluji. Baba mtu, mhunzi, kashauawa. Amebaki mama, upanga mkono mmoja, mkono wa pili kamshika mwanawe. Thulsa Doom, aliyechezwa na James Earl Jones, anavua kofia yake ya chuma na kumtazama yule mama. Anamtazama tu, hasemi kitu, mpaka upanga wa mama unashuka wenyewe. Kisha anageuka kama mtu anayekwenda zake, na hapo hapo anazungusha mkono. Shingo hatuioni. Tunamwona mtoto, na mkono wa mama yake unachomoka taratibu kutoka kwenye mkono wake. Halafu mtoto anainamisha macho kuutazama mkono uliobaki mtupu.

Vidole vya Mama vilisimama juu ya mchele.

Baada ya hapo watoto wanafungwa minyororo, wanapelekwa kwenye kinu kikubwa cha miti kilichosimama peke yake uwandani, na wanakisukuma. Wanakizunguka miaka. Kila ukitazama wamepungua, miguu iliyokuwa ya mtoto imekuwa ya kijana, mpaka kabaki mmoja anayekisukuma kinu kizima, na anapoinua kichwa ni mwanamume mwenye shingo kama ng'ombe dume. Kibandani watu walikuwa wakisimama kupiga makofi hapo.

Mazungumzo yenyewe nayaweka kama yalivyokuwa. Nimeyarudia mno, naogopa nikichelewa nitaanza kuyarekebisha.

Nikasema, "Hii haimo kwenye hadithi, Mama."

"Ipi?"

"Yote hii. Kijiji kuchomwa, mama kuuawa, hicho kinu. Mtunzi hakuandika hivyo. Wenye filamu ndio waliompa sababu."

"Sababu ya nini?"

"Ya kuondoka kwao. Kwenye hadithi aliondoka tu."

Akaokota chuya moja, akaitazama kwenye mwanga, akaitupa pembeni. "Haondoki mtu tu."

"Wapo, Mama. Mtu anataka tu kuona huko kwingine kukoje."

Alipepeta mara mbili, tatu. Kisha bila kuniangalia:

"Na wewe, nani alikuchomea kijiji?"

Sikujibu. Ningejibu nini? Nilifunga kompyuta nikamwambia nakwenda kulala, naye akasema haya mwanangu, lala, kesho kuna kazi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. Laiti angekuwa amekasirika ningejua pa kuliweka.

Siku mbili za kwanza niliumia kama mtu aliyeshutumiwa. Niliondoka Tanga na cheti changu na begi la kuazima, na hakuna aliyenifukuza. Nilikula nyumbani, nikasomeshwa nyumbani, nikapendwa. Nikaondoka. Kwenye basi, kuanzia Muheza kwenye machungwa mpaka Chalinze, nilikuwa natunga majibu. Kazi. Masomo. Maisha. Kila jibu nililitamka kwa sauti ya Mama nikasikia lilivyo jepesi.

Jumatatu ndipo nilipoisikia ile "na". Hakusema "wewe, nani alikuchomea kijiji". Alisema "na wewe". Maana yake yupo wa kwanza aliyekwisha kuulizwa, na kwamba mimi ni wa pili kwenye swali hilo hilo.

Kaka aliondoka mwaka 2001, akaenda Mombasa, akapanda meli, sasa yuko Muscat. Hakuacha ugomvi wala deni. Mama alizunguka mtaa mzima akiuliza nani kamtukana mwanangu. Alikwenda kwa fundi aliyekuwa akimfundisha kazi, alikwenda kwa wazazi wa msichana fulani, alimuuliza marehemu Baba kama alimpiga kwa siri. Miaka yote hii anatuma salamu, anapokea pesa, anafurahia picha za wajukuu, na bado anamtafuta mtu aliyemchomea Kaka kijiji. Na mimi nikafungua filamu mbele yake, nikamweleza kwa kiburi cha msomi kwamba sababu zote zilitiwa baadaye.

Nilikuwa nimelikasirikia kweli jambo hilo la sababu. Maelezo niliyoyaandalia studio karibu yote yalihusu hilo. Robert E. Howard alimleta Conan kwa wasomaji wa jarida la Weird Tales Desemba 1932, na katika hadithi hiyo ya kwanza Conan tayari ni mfalme, mtu mzima, na taji limemchosha. Zilizofuata zikamrudisha ujanani, akawa mwizi, akawa askari wa kukodiwa, akawa haramia, kisha mbele tena, bila mpangilio. Howard mwenyewe alieleza kwamba mtu aliyeishi maisha ya misukosuko hasimulii kwa kupanga, anasimulia kinachomjia. Hadithi ya utoto hakuiandika. Filamu haiwezi kukaa hivyo, inataka mwanzo, kwa hiyo John Milius, mwongozaji, na Oliver Stone walioandika mswada wakampa Conan mama wa kumlilia na adui wa kumsaka. Adui huyo, Thulsa Doom, walimchukua kwa shujaa mwingine wa Howard, Mfalme Kull. Kule kusulubiwa mtini na kumng'ata tai shingo kulitoka kwenye hadithi ya 1934. Mwanamke anayerudi kutoka kwa wafu kumwokoa mpenzi wake naye ametoka kwenye hadithi ya mwaka huo huo, ila kwenye filamu kapewa jina la mwanamke mwingine. Hapo sina lawama, ni ushonaji mzuri, mishono yenyewe huioni mpaka uonyeshwe. Lawama yangu ilikuwa kwenye kinu. Nilimpenda yule Conan wa kwenye kurasa kwa sababu dunia ilikuwa kubwa akataka kuiona, basi. Ukimchomea kijiji, kila hatua yake inakuwa ya kurudi nyuma kulipa. Na ona, hata walipoitengeneza upya mwaka 2011, wakakumbuka kumzalisha mama yake katikati ya vita kama Howard alivyowahi kueleza, kijiji wakakivamia tena na baba akauawa. Hawakuweza kuvumilia mtu aliyeondoka tu.

Hivyo ndivyo nilivyoandika, na nilikuwa na hakika nayo.

Jumanne usiku nikairudia barua ya Howard ya Machi 1936. Wasomaji wawili walikuwa wamejaribu kuyapanga maisha ya Conan toka ujana mpaka ufalme, wakampelekea mtunzi awasahihishe. Akawajibu kwa upole na kwa urefu. Conan alizaliwa uwanjani wakati wa mapigano, akawaambia. Akiwa na miaka 15 alikuwamo vitani kwenye ngome ya Venarium, tayari mtu wa kuogopwa. Akarudi kwao, kisha akafunga safari yake ya kwanza nje ya nchi yake, na ajabu ni kwamba alikwenda kaskazini na sio kusini. Kwa nini, au ilikuwaje, Howard anasema hana hakika.

Barua hii nilishaisoma mara tatu, na pale nilikuwa napapita. Safari hii nilisimama. Huyu ndiye aliyemtunga. Angeweza kuandika chochote, hakuna wa kumbishia, na wasomaji wale wangeshukuru. Akasema hana hakika. Na mstari unaofuata unasema huko kaskazini Conan alitekwa akatoroka, kwa hiyo mnyororo wa kwenye filamu nao haukutoka hewani kabisa. Nimefuta kurasa mbili.

Kisha nikahesabu miezi. Machi mpaka Juni. Howard aliishi karibu utu uzima wake wote kwa wazazi wake, Cross Plains, mji mdogo wa Texas, na mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu kwa miaka mingi. Ni yeye aliyekuwa akimuuguza. Tarehe 11 Juni 1936 aliambiwa kwamba mama yake hatazinduka tena, akatoka nje akajiua. Alikuwa na miaka 30. Mama yake akafa kesho yake, wakazikwa pamoja. Mtu aliyemtuma Conan mpaka ncha za dunia alibaki kando ya kitanda cha mama yake.

Nilikaa muda mrefu na taa imezimwa. Nilimwona yule mtoto anautazama mkono wake mtupu, na kwa mara ya kwanza nikawaza mkono wa pili, ule uliochomoka. Kwenye kile kipande nilikuwa namtazama mtoto tu, tangu kibandani. Mama alikuwa akitazama upande mwingine wa picha.

Jana nikampigia simu. Akauliza kama sinia lake kubwa nimelibeba mimi. Nikasema sijalibeba. Akaeleza nani kaumwa tumbo baada ya pilau. Kisha akauliza mwenyewe:

"Yule mtoto wa theluji, aliishia wapi?"

"Akawa mfalme, Mama."

"Mamaye hakuona."

"Hakuona."

Kimya. Nikameza mate nikasema, "Mama, mimi hakuna aliyenichomea kijiji."

"Najua," akasema, haraka kabisa, kama aliyekuwa akilisubiri. "Na kaka yako?"

Nilikuwa na majibu yote ya kwenye basi. Nikamwambia sijui, Mama.

"Basi muulize. Wewe anakusikiliza."

Nimemwandikia Kaka leo alfajiri. Sikumwambia ni Mama aliyenituma, nilimuuliza kama anakumbuka kile kinu na alivyokuwa akinisimulia. Alama mbili zimegeuka bluu tangu saa mbili asubuhi. Hajajibu. Labda yuko kazini.

Mvua imeanza tena. Hapa kwangu ukuta chini ya mita ya umeme umeloa mpaka usawa wa swichi, nikiugusa unabonyea, na fundi aliyeahidi kuja jana simu yake haipatikani. Nimechomoa friji, nimesogeza kitanda mbali. Naandika kwa tochi ya simu na chaji imebaki kidogo.