Sikukutuma uniombee

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, upande wa Makorora, na huu ni mwaka wangu wa sita katika ukatibu wa jumuiya. Sikuugombea. Siku ya uchaguzi walitafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka, nikawa nimekaa mbele. Makatibu wenzangu wa jumuiya nyingine hunisimamisha kanisani na kuniuliza tuliwezaje kuwaingiza watu wenye ulemavu mpaka wakafika kusimama kwenye mkutano wa mtaa. Kila nikijibu kwa mdomo najikuta naruka pale nilipoharibu, kwa hiyo nimeona heri niandike.

Kwa asiyejua: jumuiya ndogo ndogo ni majirani Wakatoliki wanaokutana nyumba kwa nyumba, wanasali, wanasoma Injili ya Jumapili inayokuja, wanatangaziana misiba na michango. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele mwaka 1976, wakitaka Kanisa liwe jirani anayejua mwenzake amelala njaa. Sisi tulikuwa tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kaya kumi na tisa, na tuliamini tunajuana.

Kulikuwa na kijana mmoja seremala. Nitamwita Seremala tu, kwa kuwa hakutaka jina lake litokee. Miaka minne alikuja, akakaa karibu na mlango, tukisimama anasimama, tukipiga magoti anapiga. Ni kiziwi. Katika daftari langu la zaka, pembeni ya jina lake, nilikuwa nimeandika "bubu" ili mweka hazina asimchanganye na mwingine mwenye jina kama hilo. Siku moja aliniletea zaka yake nikiwa nimeliacha daftari wazi mezani. Akalisoma. Akatoa penseli yake ya kazi, ile nene nyekundu inayokaa sikioni, akalikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka kama anapima ubao, akaandika juu yake: KIZIWI. Akanirudishia daftari, akasubiri risiti yake.

Sikumwomba radhi siku ile. Nilimpa risiti.

Septemba 2024 ikafika Injili ya Marko, Yesu akimponya kiziwi na kusema "Efatha". Kila mmoja akashirikisha lake: masikio ya moyo, ukaidi wa watoto wa siku hizi, waume wasiosikia. Seremala aliona kwenye kitabu ni somo gani. Akaandika kwenye simu, akanipa nisome kwa sauti: "Yesu kwanza vidole. Mdomo baadaye. Ninyi mdomo tu."

Rudini kwenye ile Injili mtaona. Yesu anamtenga yule mtu na kelele za watu, anamtia vidole masikioni, anamgusa ulimi, anatazama juu. Yote hayo mtu asiyesikia anayaona. Neno linakuja mwisho kabisa. Mimi nimesikia mahubiri ya somo hilo tangu kipaimara na sikuwahi kuliona hilo.

Tukaamua kujifunza lugha ya alama. Kwanza tulipoteza mwezi mzima tukitafuta "mtaalamu", tukiulizia CHAVITA, chama cha viziwi, wana nani karibu, atalipwa nini, nauli itatoka wapi. Mtaalamu alikuwa amekaa karibu na mlango. Siku tuliyomwomba atufundishe, akasema atakuja na mwenzake, kiziwi mwingine anayeshona viatu, ambaye si Mkatoliki wala hana mpango huo. Dakika kumi na tano kila Jumamosi baada ya matangazo. Watoto walishika haraka mno. Wazee walilalamika vidole vina baridi. Tulianza na salamu, kisha familia, fedha, ugonjwa, msiba, kisha Baba Yetu. Walitupa na majina, kwa sababu viziwi hawamwiti mtu kwa kuandika jina lake hewani kila mara; wanamtafutia alama inayomfanana. Langu ni vidole viwili vinavyoteremka kutoka shingoni hadi kifuani: futi yangu ya kushonea, ambayo huwa nasahau kuivua hata nikienda kanisani.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia tulilijua mwezi wa Oktoba, mwezi wa Rozari, tulipokuwa tunasali jioni. Umeme ulikatika katikati ya fumbo la tatu. Sisi tuliendelea bila hata kupunguza sauti, Salamu Maria inajulikana gizani. Nilipowasha tochi nikamwona Seremala ameweka mikono mapajani, anatazama mbele. Kwake sala ilikuwa imezimika na taa. Tangu hapo mtu mmoja ana zamu ya tochi, na anamulika mikono ya anayetafsiri, si uso wa padre.

Mtu wa pili ni Mama Bajia. Anauza bajia jioni, anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Kwa miaka miwili hakuonekana jumuiyani, nasi tulimhesabu mgonjwa na kumpelekea Komunyo nyumbani. Mgonjwa gani anakaanga bajia debe zima kila siku? Nilipomfuata akanicheka: "Mwanangu, pima mageti yenu." Nikapima, futi si ninayo. Baiskeli yake ina sentimita 81. Katika kaya kumi na tisa, mageti sita tu yanampitisha, na moja kati ya hayo sita lina mchanga mbele yake unaozamisha magurudumu. Tukaufuta utaratibu wa zamu za nyumba, tukabaki na zile tano. Walionyimwa zamu ya kukaribisha walinuna. Mmoja alinuna mpaka Krismasi. Mwingine alivunja nguzo ya geti lake akaipanua, bila kuambiwa na mtu, na hilo limenifurahisha kuliko michango yote tuliyowahi kuchanga.

Mpaka hapo tulijisifu. Paroko alitutaja kanisani. Kumbe kazi ilikuwa bado, maana nje ya jumuiya hakuna aliyebadilisha geti.

Ofisi ya serikali ya mtaa wetu (mtaa siutaji) iko ng'ambo ya mtaro, na mtaro ule ulikuwa na ubao mmoja tu wa kuvukia. Mama Bajia alikuwa hajawahi kuingia ofisi ile. Barua za utambulisho alitumwa mjukuu. Kwenye mikutano Seremala alikuwa akienda kusaini mahudhurio na kurudi. Mjumbe wa Haki na Amani wa parokia ndiye aliyetuletea Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, akatuonyesha kwamba kila mtaa unatakiwa kuwa na kamati ya watu wenye ulemavu. Yetu tuliulizia. Ilikuwepo kwenye faili.

Mzee mmoja wa jumuiya akapinga, na namheshimu kwa kuwa alisema mbele yetu, hakwenda kunong'ona. "Kanisa lisiingie siasa. Uchaguzi wa mitaa ndio umepita Novemba, mtaonekana mna chama." Tukampelekea paroko. Jibu lake lilikuwa fupi: mnakwenda kama wananchi wa mtaa, si kama parokia, hakuna sare za WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, hakuna rozari shingoni kwa maonyesho, na asitajwe mgombea yeyote wa jana wala wa kesho. Nilidhani ni woga. Baadaye nikaona alitusaidia, maana Tanga hii robo tatu ya majirani zangu ni Waislamu, na mtaro haujui dhehebu.

Sasa naja nilipoharibu.

Mkutano wa kwanza, mwanzoni mwa 2025, tulibeba Mama Bajia juu ya ubao, vijana wanne, baiskeli ikafuata. Tukakaa nyuma. Jambo letu likaangukia kwenye "mengineyo", saa ambayo watu wameshaanza kukung'uta kanga. Nikasimama mimi, katibu, mwenye mwandiko mzuri. Nikasema ndugu zetu hawa wanateseka, tunaomba serikali ya mtaa iwakumbuke, iwasaidie. Sauti yangu ilitetemeka, watu wakaguna kwa huruma. Mwenyekiti akanishukuru sana, akasema ukija mgao wowote wa sukari au mchele kuelekea sikukuu watafikiriwa wa kwanza. Makofi.

Nikatoka nimejaa. Mama Bajia hakunisemesha mpaka tulipofika barabara ya lami. Akafunga breki.

"Mwanangu, nani alikuambia nina njaa?"

Nikakosa la kusema.

"Mimi nauza chakula. Umesimama ukaniombea, wamenipa sukari. Sikukutuma uniombee. Nilikuja kudai njia."

Seremala, ambaye alikuwa amefuatilia kwa macho, akaongeza kwa mikono, polepole ili nimwelewe: wewe ulisimama, mimi nilikaa.

Usiku ule usingizi sikuupata vizuri. Nilikuwa nimejifunza alama mia na ushee na bado nilitumia mdomo wangu.

Tukajipanga upya kwa miezi mitatu, maana mkutano wa wananchi wa mtaa hutakiwa kila robo ya mwaka. Barua tulimpelekea mtendaji wiki tatu kabla, nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa, tukaomba tuwe na ajenda yenye namba. Hilo la muhuri msilidharau. Bila muhuri mtarudishwa kwenye mengineyo. Halafu tukafanya mazoezi jumuiyani kila Jumamosi. Yule mzee aliyepinga ndiye tuliyemfanya mwenyekiti wa mtaa wa kuigiza, na aliiweza nafasi ile kupita kiasi: alimkatiza Mama Bajia, akamwita "mama yangu mpendwa", akaahidi sukari. Mama Bajia alijifunza kusubiri amalize, kisha kurudia sentensi ileile. Tulikubaliana kila mtu ana jambo moja, na hasemi la mwenzake. Mimi nilikatazwa kusimama. Iliandikwa kwenye kumbukumbu za jumuiya, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Siku yenyewe Mama Bajia hakuvuka mtaro. Alikataa kubebwa. Akaisimamisha baiskeli ng'ambo, barabarani, na ajenda namba nne ilipotajwa akapaza sauti kutoka kule: "Mheshimiwa mwenyekiti, nipo hapa, siwezi kufika. Nahitaji kivuko cha mita moja na nusu." Basi. Watu mia na kitu wakageuza shingo. Mwenyekiti akaanza na "mama yangu". Mama Bajia akamsubiri, akarudia: "Nahitaji kivuko cha mita moja na nusu."

Kisha Seremala akasimama, mpwa wangu akimtafsiria. Mpwa wangu ana miaka kumi na tisa, alijifunzia jumuiyani, na alikosea mara mbili mpaka Seremala akamrekebisha mbele ya watu. Kwa mkutano wa mtaa inatosha. Hospitalini au mahakamani nisingethubutu kumtumia, pale anatakiwa mkalimani aliyesomea. Seremala akasema sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani, lakini daftari la mtaa lina watu wanne. Wengine mmewaficha au hamjawauliza? Akataka kamati ya kisheria ikutane na iwe na viziwi ndani yake.

Palitokea kimya. Kisha mzee mmoja wa kofia, mtu wa msikiti wa jirani, akasimama bila kuomba nafasi. Akasema ana mjukuu wa kike asiyesikia, yuko nyumbani, ana miaka tisa, hajawahi kumleta popote. Akakaa. Baada yake wakasimama wengine watano. Hatukuwapanga hao.

Yaliyopatikana ni haya. Kivuko kipo, cha zege, tulichanga saruji nusu na wananchi wakachanga nguvu kazi. Mama Bajia alikivuka wa kwanza akiwa na ndoo ya bajia mgongoni mwa kiti, akaziuza zote kabla ya mkutano kuanza. Kamati imekutana mara mbili. Mkalimani wa kulipwa hatujapata, na jibu ni lilelile la bajeti. Seremala na viziwi wenzake wawili wamejaza fomu za ule mkopo wa halmashauri usio na riba, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo 2 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024, na wengi bado wanadhani haipo. Wao wamesharudishwa mara moja kwa kukosa katiba ya kikundi. Katiba wameiandika. Hawakuniomba niwaandikie.

Yule mtoto wa miaka tisa huja Jumamosi kwenye zile dakika kumi na tano, babu yake anangoja naye nje ya geti kwenye baiskeli mpaka tumalize sala zetu, kisha wanaingia wote wawili.

Na mwenyekiti wa mtaa naye amepewa jina la alama. Alipogundua, aliniuliza linamaanisha nini. Nikamwambia amuulize mwenyewe aliyempa. Akaenda. Seremala akamtazama, akaliweka lile jina tena, taratibu, akarudi kwenye randa yake.