Nati za Upande wa Kushoto
Jumamosi iliyopita, kando ya barabara ya Njoro, nje kidogo ya Nakuru, niliining'inia spana iliyopachikwa bomba refu nikijaribu kufungua nati za gurudumu la kushoto la lori letu kuukuu la Bedford hadi mikono ikafa ganzi, kumbe muda wote huo nilikuwa nikizikaza. Fundi mmoja wa jua kali alipangusa kutu kwenye ncha ya bolti, akanionyesha herufi L, yaani "left", kushoto, iliyochongwa pale. "Mzee, hizi hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa," akasema. Tulizimwagia dizeli, tukazigonga kwa nyundo, tukasubiri, gurudumu likiwa bado limekanyaga chini ili lisizunguke. Ya kwanza ilipoachia, ililia kama mlango wa ghala. Moja tu, ambayo pembe zake nilikuwa nimezimaliza kwa papara yangu, ilibidi ipasuliwe kwa patasi.