Sukari ya matangani

Machi 2017 baba alifariki Pangani, nami ndiye mtoto wa kwanza. Nilifika nyumbani na begi dogo: nguo, dawa na kipimo cha sukari. Nilikuwa mwaka wa sita na kisukari aina ya pili. Nilimeza vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, miligramu 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, na kila usiku saa nne nilichoma yuniti 14 za ile insulini nyeupe kama maziwa. Asubuhi kabla ya kula nilizoea kusoma sukari ya 6 au 7, kwa kipimo cha milimoli kwa lita.

Asubuhi ya kwanza baada ya maziko nikasoma 13.8. Ya pili, 15.6. Na chakula kilikuwa hakipiti. Kahawa chungu na matonge mawili matatu ya wali, basi. Usiku zote mbili sikuchoma sindano, maana shangazi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hujala, sindano ya nini? Utaanguka bure." Nikamsikiliza.

Kosa lilikuwa hapo, na nimeliona kwa wengi tangu siku hizo. Sukari ya alfajiri haitokani na sahani ya jana peke yake. Ini lina akiba yake, na usiku kucha linaitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose. Mtu akifiwa na kukesha, kotisoli na adrenalini, homoni za msongo, hupanda. Ini huzidisha kutoa, na misuli huwa mizito kuitikia insulini. Insulini ya usiku ipo kwa ajili ya ini hilo, haipo kwa ajili ya wali. Ipo nyingine, ya kuchoma kabla ya mlo, ambayo ukiichoma na chakula kikachelewa sukari itashuka kweli, na matangani chakula huchelewa. Shangazi aliwahi kuuguza mtu wa sindano hiyo. Alisema anachokijua.

Usiku wa tatu nikachoma 14 zangu. Asubuhi kipimo kikasema 19.9. Kabla ya hapo nilikuwa nimewagawia wageni tende, na utamu ulioganda kidoleni hupandisha namba. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha vizuri kwa sababu tone la maji nalo huichuja damu, nikapima tena: 17.2. Hiyo ilikuwa kweli. Mdomo ulikuwa mkavu na usiku niliamka mara nne kukojoa.

Ndipo nikakitazama kichupa kwenye mwanga. Insulini hii ukiiviringisha taratibu katikati ya viganja mara 10 hadi 20, bila kuitikisa, huwa nyeupe sawasawa. Yangu ilikuwa na chenga, nyingine zimeng'ang'ania kioo cha ndani. Begi lilikuwa limekaa siku tatu dirishani, chini ya bati, katika joto la Machi. Dawa ilikuwa imeshaharibika.

Nikampigia muuguzi wa kliniki yangu. Aliuliza kwanza kama natapika, tumbo linauma au napumua haraka, akanituma nikapime ketoni kwenye mkojo, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Zingekuwepo, ingebidi niende hospitali siku ile ile. Hazikuwepo. Akaagiza kichupa kipya, nirudie 14, nipime kabla ya kifungua kinywa kila siku, na kama bado iko juu ya 8 niongeze yuniti 2 kila baada ya siku tatu.

Mdogo wangu alileta insulini kutoka Tanga mjini ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Barafu tulimkataza, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Nyumbani hakukuwa na friji, tukaweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, tukaulowesha asubuhi na jioni na kufunika kwa kitambaa kibichi mahali penye upepo. Pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo chungu hakipoi kama cha bara, lakini ni afadhali sana kuliko dirisha.

Chai ya matangani hutiwa sukari humo humo kwenye sufuria, kwa hiyo wifi yangu alinitengea birika langu. Kwenye sahani nilijaza nusu mchicha, wali kiasi cha ngumi, na samaki. Baada ya isha nilitembea na binamu yangu hadi kwenye kivuko cha kwenda Bweni na kurudi, dakika kama 20. Kulala kulikuwa kugumu kuliko vyote. Mama mdogo aliamua kupokea wageni wa usiku yeye, nami nikapata saa sita za usingizi mfululizo. Nikiangalia daftari langu, namba zilianza kushuka usiku huo.

Nilifika yuniti 18, asubuhi ikakaa 7.4.

Baada ya arobaini nilirudi kazini, nikala na kulala kama zamani, ila nikasahau kuipunguza ile 18. Usiku mmoja saa tisa nikaamka nimeloa jasho, mikono ikitetemeka. Kipimo: 3.6. Nikakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, nikanywa, nikangoja dakika 15, nikapima tena: 5.2. Nikala kipande cha mkate ili isishuke tena. Kulipokucha nikampigia yule muuguzi, akanirudisha kwenye 14.