Dutiriamu iliyokuwa ikinipotea kwenye polima

Nilitaka kutia alama ya isotopu (atomi ya elementi ileile yenye uzito tofauti) kwenye PEG, yaani polithilini glikoli, ile polima ambayo kila kipande chake kinachojirudia kina masi ya 44.03, ili niitambue ndani ya mchanganyiko. Ncha zake mbili zina OH. Nikaiyeyusha katika maji mazito ili haidrojeni za ncha zibadilishwe na dutiriamu, yaani haidrojeni nzito, nikaikausha, nikaipima kwa spektrometa ya masi ya MALDI, mashine inayopima masi za molekuli zilizorushwa kwa leza. Nilitarajia kila kilele kwenye grafu kisogee daltoni 2 (kipimo cha masi ya atomi), moja kwa kila ncha. Hakuna kilichosogea! Nikarudia kurekebisha vipimo vya mashine mara tatu, bure.

Mashine ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye metanoli niliyotumia kuandaa sampuli. Dutiriamu iliyoshikwa na oksijeni haitulii: ikikutana na metanoli, au hata unyevu wa hewani, hubadilishana nafasi na haidrojeni ya kawaida papo hapo. Iliyoshikwa na kaboni haiondoki kirahisi hivyo, na hapo ndipo nilipopata njia.

Nikaipa PEG kavu hidridi ya sodiamu, inayoondoa haidrojeni za ncha, kisha iodomethani yenye dutiriamu tatu kwenye kaboni yake, na kaboni hiyo hujishika kwenye ncha. (Ni sumu, na huvukiza upesi, fanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa tu.) Kila ncha ikifungwa, masi hupanda 17.03, zote mbili, 34.07. Jaribio la kwanza lilionyesha vilele vingi vya 17, yaani ncha moja bado. Nikaongeza iodomethani, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi vilele vya 34 vilitawala, na metanoli haikuviondoa.